Deni la Mlimani: Wanafunzi wa Dar es Salaam na Kalamu Zao, 1961–1978

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho leo watu hukiita Mlimani, kilianzia bondeni. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake, kilifunguliwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakutimia 20. Ng'ambo ya barabara vilikuwapo viwanja vya Mnazi Mmoja. Nyuma yake Kariakoo, na makelele yake ya biashara. Mwanafunzi aliyefunga kitabu alitoka moja kwa moja akakutana na wachukuzi, wauza kahawa na mama wa vitumbua.

Ujirani huo haukudumu. Mwaka 1963 chuo kiliunganishwa na Makerere na Nairobi vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji, mahali penye upepo na penye kuiona bahari kwa mbali. Kazi ziligawanywa: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na wanasheria wa nchi zote tatu walifundishwa Dar es Salaam. Shule za sekondari zenye kidato cha sita zilikuwa za kuhesabika, na mtoto aliyefika huko alikuwa amekwisha chujwa mara kadhaa, kila chujio likiacha wenziwe wengi nyuma. Aliyepata kiti Mlimani alikuwa mmoja katika maelfu, na alilijua hilo. Alipewa chumba chenye kitanda na meza ya kuandikia, akapikiwa chakula, na gharama zake zikabebwa na serikali ya nchi ambayo wakulima wake wengi hawakuwa na maji ya bomba.

Katika miaka hiyo ya sitini Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano ambao ulikaa vichwani mwa watu. Alimlinganisha msomi na mtu wa kijiji kilichopatwa na njaa, ambaye wenzake wamemkusanyia chakula chao chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea msaada. Mtu huyo akishiba akanogewa na safari asirudi, basi ni msaliti. Mfano huu uliyageuza maisha ya mwanafunzi kuwa hesabu. Kitanda, sahani na kitabu vilikuwa mkopo, na mdai alikuwa yule mkulima ambaye hakuwahi kuiona hata ngazi ya maktaba.

Neno hili, deni, ndilo lililotawala maisha ya Mlimani katika miaka yake ya mwanzo. Nani anadai, nani anadaiwa, na malipo yatolewe kwa sarafu gani: maswali hayo yaliwatoa wanafunzi barabarani, yakawafukuzisha, yakawatia kalamu mikononi. Na sisi wapenzi wa ushairi tuna sababu ya kuyarejea, kwani ubishi mkubwa uliowahi kuupata ushairi wetu, ule wa vina na mizani, ulikulia kwenye kilima hichohicho.

Tuanze na mwaka 1966. Serikali iliamua kwamba kila anayehitimu elimu ya juu aingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka miwili: sehemu ya kwanza kambini, na iliyobaki kazini kwake, akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliona wamedhulumiwa. Tarehe 22 Oktoba waliandamana mjini, wakiwemo wa vyuo vingine, wakapelekwa hadi Ikulu wakiwa wamebeba mabango, na moja kati ya hayo lilidai kuwa hali ilikuwa bora wakati wa ukoloni. Kwa watawala waliokuwa na miaka mitano tu tangu kuishusha bendera ya Mwingereza, hakuna tusi lililozidi hilo. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira na uchungu. Alisema mishahara ya wakubwa ni mikubwa kweli, akaupunguza wa kwake mwenyewe kwa asilimia 20, na vijana zaidi ya 300 wa chuo kikuu wakarudishwa kwao.

Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Vijana wale walikuwa bado kwenye harusi walipoletewa hesabu. Hata hivyo tusiwahukumu kwa wepesi. Walikuwa wameahidiwa nafasi za Wazungu waliokuwa wakiondoka, na mtoto wa mkulima aliyefika Mlimani hakubeba tumbo lake peke yake. Nyuma yake walikuwapo wadogo zake waliongoja ada, na wazee waliongoja bati la nyumba. Walidaiwa na taifa, na walidaiwa na ukoo. Jambo walilokosa ni maneno ya kuyaeleza madeni hayo mawili kwa pamoja, na kwa kuyakosa walionekana walafi.

Wengi wao walirudishwa chuoni baada ya mwaka hivi, na walikuta kilima kimebadilika. Februari 1967 lilikuwa limetolewa Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo kikundi cha wanafunzi, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, kiliunda umoja wa wanamapinduzi wa Kiafrika uliojulikana kwa kifupi kama USARF. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na mwanafunzi aliweza kumsikia Eduardo Mondlane wa FRELIMO, mpaka alipouawa kwa bomu hapo mjini tarehe 3 Februari 1969. Alikuwapo pia Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, aliyefika mara ya kwanza mwaka 1966, akaondoka, akarudi mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kiliandikwa akiwa anafundisha hapo. Siku za Jumapili, badala ya kulala, wanafunzi walikaa madarasani kwa hiari wakisoma vitabu ambavyo havikuwamo katika mitihani yao.

Kizazi hiki kilipokea lile neno deni kikaligeuza. Kilianza kuuliza: ikiwa mwanafunzi anadaiwa na mkulima, je, mkubwa wa ofisini hadaiwi? Novemba 1969 walitoa jarida lao, Cheche, lililochapwa kwa mashine ya kurudufu na kuuzwa na wanafunzi wenyewe. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 lilichapisha makala marefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini Tanzania, yaliyosema waziwazi kwamba tabaka jipya la warasimu lilikuwa likikua chini ya kivuli cha ujamaa. Novemba mwaka huo Cheche na USARF vilipigwa marufuku kwa pamoja. Hoja moja ilikuwa kwamba tawi la vijana wa TANU lilitosha. Nyingine ilikuwa kwamba jina la jarida lilikumbusha gazeti la Lenin, na Tanzania haikuhitaji itikadi ya kuazima.

Jina lilikuwa la Kiswahili, naam, lakini tulifungue jarida lenyewe. Sehemu kubwa ya kurasa zake ilikuwa kwa Kiingereza. Mihadhara ilikuwa kwa Kiingereza, mitihani kwa Kiingereza, hata mjadala wa namna ya kumkomboa mkulima uliendeshwa kwa lugha ambayo mkulima huyo hakuijua. Vijana waliandika kwa ujasiri mkubwa kuhusu wadai wao, na wadai wasingeweza kusoma hata ukurasa mmoja. Nasema haya bila kejeli. Ndivyo chuo kilivyojengwa, na wao walitumia chombo walichopewa. Lakini deni linalolipwa kwa sarafu asiyoijua mdai bado ni deni.

Kulikuwa na wengine kilimani hapo walioshika njia tofauti. Tangu mwaka 1964 ile kamati ya lugha iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilikuwa imegeuzwa kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili chini ya chuo kikuu, na mwaka 1970, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Dar es Salaam ikasimama peke yake, idara ya Kiswahili ilianzishwa. Sanaa za maonyesho nazo zilikuwa zimekwisha pata mahali pao. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Ni tamthilia ya Vita vya Maji Maji, lakini msomaji wa Mlimani aliweza kuisoma kama swali la siku zake: nini hutokea ahadi inapomponyoka yule aliyeitoa? Mwaka 1971 alifuatisha Mashetani, ambamo wahusika wakuu, Juma na Kitaru, ni wanafunzi wawili wa chuo kikuu na ni marafiki. Mmoja ametoka katika familia iliyopoteza mali yake katika Mapinduzi ya Zanzibar, mwingine katika familia inayopanda. Wanacheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na mchezo unawageukia. Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa uzito wake. Darasa moja na bweni moja haviwezi kuzifuta hesabu ambazo wazazi hawajazifunga.

Euphrase Kezilahabi alitoka kisiwa cha aina nyingine, Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Alihitimu mwaka 1970, na mwaka mmoja baadaye riwaya yake Rosa Mistika ilitoka ikazua zogo hata ikazuiwa mashuleni kwa muda. Kichwamaji, ya mwaka 1974, inamhusu Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao kijijini akakuta hawezi tena kuzungumza na wazee wake. Ndiye yule mtu wa mfano wa Nyerere, aliyetumwa akatafute chakula. Huyu amerudi kweli, hakusaliti. Lakini amerudi mikono mitupu, kwa sababu alichokipata huko hakiliki kijijini. Hadithi yake inaishia kwa kujiua. Sijui kama kuna kitabu kingine kilichoitazama elimu ya juu ya wakati ule kwa ukatili wa namna hiyo, nacho kiliandikwa na mtoto wa kilima hicho, kwa lugha ambayo wadai wangeweza kuisoma.

Mwaka huohuo wa 1974 ilitoka diwani yake ya Kichomi, na hapa ndipo ushairi unapoingia katika historia yetu kwa kishindo. Miaka 20 kabla, mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na wengi walizishika sheria hizo kama mizani ya mfua dhahabu: mshororo wa mizani 16, ukwapi na utao, kina cha kati na kina cha mwisho. Kezilahabi aliviacha vyote. Alitaka lugha ya mazungumzo ya kila siku na shairi la kusomwa kimya na kutafakariwa. Wapo waliosema ni guni, wapo waliosema si shairi kabisa, na wapo waliosema ni uvivu wa watu wa bara waliokosa sikio. Mwaka 1976 vijana wawili wengine wa Mlimani, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, walitoa diwani waliyoiita Malenga wa Bara. Wenye kukumbuka kwamba mwaka 1971 Shihabuddin Chiraghdin alikuwa amehariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ustadh Bhalo, waliona majina hayo mawili yakitazamana uso kwa uso.

Sisi wa visiwani na mwambao tulizoea kuuchukua ubishi huu kama ugomvi wa ufundi, au kama ugomvi wa pwani na bara. Nadhani tuuangalie pia kama ugomvi wa wanafunzi kuhusu deni. Vijana wale wa bara waliingia katika Kiswahili kama mtu aingiavyo nyumba ya taifa: ni yake kwa haki ya uraia, ingawa hakuzaliwa chumbani. Walisoma washairi wa Ulaya darasani kwa Kiingereza, kisha wakajiuliza namna ya kuyasema mahangaiko yao kwa lugha ya wananchi. Wakaona kwamba umbo la zamani linawataka kwanza wafuzu ufundi ambao mzee wa Lamu au Pemba aliusikia tangu utotoni, katika maulidi, ngomani na baharini. Hapo wakaamua kulipa kwa sarafu waliyonayo. Wenye ushairi nao wakajibu, na kwa haki kabisa, kwamba ushairi huu uliishi midomoni mwa mabaharia na wakwezi karne kadhaa bila chuo kikuu, na kwamba shairi lisiloimbika haliwezi kufika kwa mkulima asiyejua kusoma. Shairi la kusomwa kimya lahitaji msomaji, na msomaji huyo aghalabu alikuwa mwanafunzi mwingine wa bweni hilohilo. Kila upande ulidai kumlipa mdai mmoja.

Katikati ya ubishi huo alikuwapo Mlimani mtu ambaye hakuingia kwa mlango wa shahada. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu alichokiandika kuihoji serikali, akatoka mwaka 1972, akahamia Dar es Salaam na kufanya kazi katika taasisi ya Kiswahili hadi mwaka 1979. Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga kifungoni na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, ilichapishwa mwaka 1973. Yamo ndani vina na mizani kama walivyotaka wazee, na imo hoja ya kisiasa kali kama ya Cheche. Kwa mwanafunzi aliyeamini kwamba umbo la kale limefungwa kwenye mapenzi na mawaidha, kitabu hicho kilikuwa jibu tosha. Na kwa yule aliyeamini kwamba ujasiri wa kisiasa hupatikana kwenye semina, kilikuwa ukumbusho kwamba kuna wanaolipa kabla ya kukopa. Katika miaka hiyo ya sabini alipita pia Mlimani Said Ahmed Mohamed, kijana wa Pemba, ambaye mwaka 1980 alitoa riwaya ya Utengano na diwani ya Sikate Tamaa. Kwake yeye lugha ya nyumbani na elimu ya kilimani hazikukataana.

Dola nayo haikuacha kuhesabu. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni na askari wa kuzuia fujo baada ya ugomvi na uongozi wa chuo, na wenzake wakagoma. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba hakuna atakayeingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni: kwanza jeshi, kisha kazi, kisha barua za kumsifu kutoka kazini na katika chama. Nia ilikuwa mwanafunzi alipe sehemu ya deni kabla ya kukopeshwa. Matokeo yalikuwa kwamba wanawake, ambao miaka hiyo ndiyo ya kuolewa na kuzaa, walipungua madarasani, hata ikabidi baadaye wao waondolewe sharti hilo. Hesabu iliyopigwa kwa ajili ya wote iliwasahau nusu yao.

Kisha ukaja mwaka 1978. Wabunge, mawaziri na viongozi wa chama waliongezewa mishahara na marupurupu. Tarehe 5 Machi wanafunzi wa Mlimani walishuka tena mjini pamoja na wenzao wa vyuo vingine, safari hii wakilisema Azimio la Arusha kwa kinywa chao wenyewe: viongozi wanajilimbikizia, na mkulima ndiye anayelipa. Walikutana na polisi na mabomu ya machozi. Mamia walifukuzwa, na umoja wao ukavunjwa.

Tuiweke miaka hii miwili pamoja. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kutetea mifuko yao, wakafukuzwa kwa jina la mkulima. Mwaka 1978 waliandamana kwa jina la mkulima, wakafukuzwa kwa ajili ya mifuko ya wengine. Katika miaka 12 mwanafunzi alikuwa amelijifunza somo la deni vizuri kuliko alivyotarajiwa, na aliyemfundisha hakupenda kulisikia likirudishwa kwake.

Tangu miaka ya tisini neno lenyewe limebadilika maana. Uchangiaji wa gharama uliingia vyuoni, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Deni sasa lina namba, lina fomu, lina makato; marekebisho ya mwaka 2016 yaliyapandisha kufikia asilimia 15 ya mshahara. Mhitimu anajua anadaiwa shilingi ngapi, na siku ya kumaliza anapewa barua kwamba hadaiwi tena. Ni utaratibu wa haki kwa namna yake, kwani fedha hizo humsomesha mwingine. Lakini deni la aina hii humalizika, na hapo ndipo penye hasara yake. Lile la zamani halikuwa na barua ya mwisho, na kwa kutomalizika liliwakesha watu wakiandika.

Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kwa Kiingereza kilimani wakati ule, pamoja na ushujaa wake wote, leo husomwa na watafiti wachache. Mashetani bado huchezwa, Kichwamaji bado hutia watu uchungu, Sauti ya Dhiki bado hukaririwa, na Kichomi bado hugombanisha watu vibarazani. Vitabu hivyo havikutoka kambi moja, wala havikukubaliana juu ya kina wala mizani. Vyote viliandikwa kwa lugha ya mdai. Kijana wa Unguja, Pemba, Mafia au Lamu anayepanda leo kwenda kusoma katika mji mkubwa, akiwa na simu mkononi na fomu ya mkopo mfukoni, atakutana na hesabu nyingi za kulipa. Hii ya lugha hataletewa na ofisi yoyote. Itabidi aikumbuke mwenyewe.